Polishi za mbili kwa moja: ipi ununue kwa gari yako, kuanzia ya kwanza mpaka ya kuachana nayo

Kama gari yako ni IST, Premio, Noah au yoyote ile iliyoshuka bandarini ikitokea Japani, ina miaka kumi na kitu, inalala nje na inaoshwa na vijana kwa sabuni ya unga, huhitaji kununua makopo matatu ya polishi. Unahitaji chupa moja tu inayofanya kazi mbili kwa mpigo, inaondoa ule ukungu na mikwaruzo midogo ya juu ya rangi halafu inaacha kinga hapo hapo. Asubuhi moja ya Jumamosi inatosha na gari inarudi kung'aa. Tatizo ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wale wa Nairobi, ukiomba waksi ya gari unapewa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji, na vitu vyenyewe havifanani kazi hata kidogo.

Jueni kwanza kilichomo ndani ya chupa. Kuna chembe za kukata, mara nyingi ni oksidi ya alumini iliyosagwa laini sana, kuna mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo midogo isionekane, halafu kuna kinga yenyewe ambayo ni nta ya karnauba au polima za kiwandani. Karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, inapendeza kweli kwenye rangi nyeusi na nyekundu, ila kwa gari inayoshinda juani hapa kwetu hesabu wiki kadhaa tu imeisha. Polima zinakaa miezi. Ndio maana mimi kwenye orodha hii nimezipa uzito zaidi zenye polima, na chupa ikiandikwa miezi sita, kwa gari inayolala nje na kuoshwa kwa sabuni kali we kata nusu kabisa kichwani usije ukaumia.

Jambo la pili ni unene wa rangi, na hili naomba mlichukue kwa uzito. Rangi ya kiwandani ina praima, rangi yenyewe, halafu klia juu yake (lile tabaka la mwisho lisilo na rangi, kama kioo), ukijumlisha zote mara nyingi ni kama mikroni 100 mpaka 150 (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na klia peke yake ni kama 35 mpaka 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Kila kinachokata kinapunguza hiyo klia na haiwezi kuota tena. Kwahiyo polishi bora kwako ni ile inayokata kidogo kuliko zote lakini bado inatoa matokeo unayotaka, sio ile yenye nguvu kuliko zote kama wauzaji wengi wanavyosema.

Kabla hujatoa hela ikague gari yako. Ioshe, ikauke, washa tochi ya simu uimulike boneti kivulini. Ukiona vimikwaruzo vya duara duara vinauzunguka mwanga, hivyo ndo saizi ya hizi polishi. Ukiona mstari mmoja mmoja, pitisha kucha taratibu: kucha ikinasa, hakuna chupa yoyote humu itakayoutoa, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Kama klia imeanza kumenyuka vipande vipande kwenye rufu na boneti, hapo pia usinunue polishi, itaenda kumenyuka zaidi. Halafu vaa glavu laini ya plastiki upapase rangi iliyooshwa, ukisikia inakwaruza kama ina mchanga ujue kuna uchafu umeng'ang'ania, chembechembe za vyuma kutoka kwenye breki, utomvu wa mwembe, vumbi la lami. Huo unatolewa na ule udongo maalum wa kusafishia rangi, wengi wanauita klei, ukiteleza na maji ya shampuu. Usiruke hii hatua, vinginevyo utakuwa unausugua huo mchanga juu ya klia kwa mikono yako mwenyewe.

Sasa orodha. Nimepanga kwa mtu wa kawaida anayepaka kwa mkono, hana mashine, na gari yake ni ya matumizi ya kila siku.

Namba moja naiweka Sonax Xtreme Polish & Wax 3, ya Mjerumani. Hii familia wameipanga kwa namba, 1 ni ya rangi mpya na haina kazi ya kukata, 2 ni ya rangi ambayo bado nzuri, 3 ni ya rangi iliyopauka, na gari zetu nyingi za mtumba zinaangukia hapo kwenye 3. Inakata vya kutosha kuondoa ukungu kwa mkono bila mashine, na kinga yake imechanganywa kiwandani kwa ajili ya kudumu kwahiyo mvua ya masika inakukuta bado maji yanajikusanya matone matone na kuteleza. Kasoro yake ni kwamba ukiipaka nene inakuwa kazi kweli kuifuta, na kama gari yako ni ya mwaka jana juzi usichukue 3, chukua 2. Angalia namba kwenye chupa vizuri maana zinafanana sana.

Namba mbili Autoglym Super Resin Polish, ya Uingereza, mkongwe wa siku nyingi. Hii inakata kidogo sana, nguvu yake iko kwenye kujaza. Kwa gari nyeusi, bluu iliyokoza au maruni, zile zinazoonyesha kila kosa la kitambaa, hakuna inayopendeza haraka kama hii, unapaka, unasubiri ikauke, unafuta, basi. Lakini elewa unachonunua: mikwaruzo imefunikwa, ipo pale pale chini, na kijazio kikiisha itarudi kuonekana. Autoglym wenyewe wanashauri upake Extra Gloss Protection juu yake ili idumu, kwahiyo kwenye bajeti weka na hiyo. Halafu iepushe na plastiki nyeusi za pembeni zisizo na rangi, inaacha weupe ambao kuutoa ni mtihani. Bandika selotepu ya karatasi kwanza, dakika kumi zinakuokolea saa nzima.

Namba tatu Turtle Wax Hybrid Solutions Ceramic Polish & Wax. Ina polima za keramiki, inafutika kirahisi sana, na kwa mtu ambaye hajawahi kupaka kitu kwenye gari hata siku moja ningemwambia aanzie hapa. Kwenye rangi iliyopauka sana haitoshi, ndio sababu iko ya tatu. Na neno keramiki lisikupoteze, hii ni polishi yenye kinga ya miezi, ile koti ya keramiki inayopakwa na mafundi kwa hela ndefu ni kitu kingine kabisa. Na ukiwa tayari umeshalipia hiyo koti, usipake polishi yoyote ya humu, chembe za kukata zitakwenda kuila.

Namba nne Meguiar's Cleaner Wax. Hawa wapo tangu 1901 kule Marekani, na tangu 2008 wako chini ya 3M. Ipo ya maji maji na ya kopo, chukua ya maji maji maana kwa joto letu inapakika vizuri zaidi. Inasafisha, inang'arisha, haisumbui, ina karnauba na polima, ila kinga yake ni fupi kuliko hizo za juu. Inamfaa mtu anayependa mwenyewe kuishughulikia gari yake kila baada ya wiki chache na ambaye gari yake inalala kwenye kivuli.

Zipo na za mashine ambazo sikuzipa namba kwa sababu kwa mkono utazionea bure: 3D Speed ya kule California yenye nta ya montan, na Menzerna 3 in 1 ya Ujerumani yenye karnauba. Kama wewe ni kijana umeanza biashara ya kuosha magari na umenunua mashine ya DA, ile inayozunguka huku inatikisika, hizi ndizo za kukuingizia hela, mteja anaona tofauti kwa raundi moja tu. Zile mashine za kuzunguka moja kwa moja ambazo mafundi wengi wanazo ziache mpaka umefundishwa na mtu, zinapandisha joto haraka na kwenye kona za boneti zinatoboa klia hadi rangi yenyewe.

Waksi za kopo za bei chee sizikatai zote, nyingi zinang'arisha wiki moja mbili na kwa gari ya kuuza wiki hii zinasaidia picha, ila ukisoma ukaona zina kampaundi ndani, yaani dawa ya kusugulia yenye chembe za kukata, jua inakata kuliko unavyodhani. Zilizo na rangi kwa ajili ya gari za rangi hiyo hiyo zinaficha vimikwaruzo vizuri, basi, usitegemee kinga ya maana. Cha kuachana nacho kabisa ni rabingi ya kopo kwa gari nzima (hiyo ni dawa nzito ya kukata, ya fundi rangi kwenye doa moja), dawa ya meno, na ile tabia ya kufuta bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae, inang'aa nusu saa kisha inavuta vumbi la mtaa mzima.

Wenye Toyota nyeupe ngojeni kidogo. Nyeupe nyingi za Toyota, hasa ile ambayo namba yake ya rangi ni 040, zimepigwa rangi moja bila klia juu. Ukisugua kitambaa kinakuja cheupe, usishtuke, rangi ndiyo inayotoka na ni kawaida, lakini maana yake unapunguza rangi yenyewe. Kwa hiyo nyeupe chukua inayokata kidogo na usirudie rudie sehemu moja.

Upakaji wenyewe haraka haraka: kivulini, bodi imepoa, weka mgongo wa mkono kwenye boneti, kama huwezi kuuacha hapo basi subiri jioni. Matone manne matano kwenye sponji, eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, sugua kwa mikono yote kwa mpangilio mpaka ibaki filamu nyembamba, ikishafanya ukungu futa kwa maikrofaiba safi iliyokunjwa mara nne, ukigeuza upande kila unapochafuka. Jaribu nusu ya boneti kwanza uone tofauti kabla ya kuendelea. Chupa ya mililita 473 au 500 kwa gari ndogo unaitumia mara kadhaa, kwahiyo usione bei ukakimbia, gawanya kwa idadi ya mara utakazopaka. Baada ya hapo dai shampuu ya gari kwa kijana anayeosha, au nunua yako uiweke kwenye buti, sabuni ya unga inaimaliza kinga haraka.

Dukani angalia sili ya mfuniko, namba ya toleo iliyogongwa kwenye chupa, na herufi za lebo kama zimeandikwa sawasawa, bidhaa feki za majina makubwa zipo na bei ya chini kupita kiasi ndiyo dalili ya kwanza. Na kama una mpango wa kupiga rangi bampa au fenda mwezi huu, anza na hiyo kazi kabla ya polishi, kwa sababu silikoni iliyomo kwenye polishi nyingi inafanya rangi mpya iweke vishimo vishimo fundi akipuliza. Ikishapigwa iache ipumue, mafundi wengi wanasema siku 30 mpaka 90 kutegemea aina ya rangi, muulize aliyepiga, ndipo upake waksi.