Vitabu vya Uskoti: Kipi Ukinunue Kwanza

Kabla hujalipa, fungua kurasa za mwisho uone kama kitabu kina sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake. Uskoti ina Kiingereza, Kiskoti (lugha ndugu ya Kiingereza) na Kigaeli (lugha ya nyanda za juu na visiwa), na waandishi wake wengi huandika jinsi watu wanavyosema nyumbani. Toleo lisilo na sherehe huwa la bei nafuu kweli, lakini mimi nililonunua hivyo lilinishinda kabla ya ukurasa wa ishirini. Mpangilio huu ni wa anayeanza.

Cha kwanza, bila kusita, ni Sunset Song cha Lewis Grassic Gibbon (1932). Chris Guthrie ni binti wa mkulima kaskazini-mashariki mwa Uskoti, miaka ya kuelekea Vita Vikuu vya Kwanza. Ndani yake wamo Chris wawili: mmoja anapenda vitabu na Kiingereza cha shuleni, mwingine anapenda udongo na maneno ya kwao. Aliyewahi kuvishwa kibao shuleni kwa kusema lugha ya mama hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kwanza. Riwaya hii inafungua mfululizo wa tatu uitwao A Scots Quair. Usikimbilie buku nene lenye zote tatu. Nunua hii peke yake.

Cha pili, Kidnapped cha Robert Louis Stevenson (1886). Mwandishi huyu si mgeni kwetu, maana Kisiwa chenye Hazina ni tafsiri ya Treasure Island yake. Kijana David Balfour anakwenda kudai urithi kwa ami yake bahili. Usiku wa radi, ami anamtuma apande mnara akalete sanduku, bila taa. David anapapasa ngazi moja moja, mara umeme unamulika, anaona ukuta haukumalizwa kujengwa. Hatua chache mbele mkono wake unagusa ukingo, kisha hewa tupu. Jihadhari na matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya shule, maana huondoa Kiskoti chote, na utamu unaondoka nacho.

Ushairi: Robert Burns. Kitabu chake cha kwanza kilichapwa mjini Kilmarnock mwaka 1786, nakala 612 tu. Katika To a Mouse, mkulima amebomoa kiota cha panya kwa plau, anamtaka radhi. Anakubali kwamba panya huiba, lakini naye hana budi kuishi. Suke moja la hapa na pale katika miganda 24 si ombi kubwa. Mstari huo kwa Kiskoti ni mgumu hata kwa Mwingereza, kwa hiyo kwa Burns tafuta diwani yenye maana za maneno pembeni mwa beti zenyewe, usiwe unarukia nyuma kila mshororo.

Kwenye historia utakutana na vitabu viwili kuhusu wakulima waliofukuzwa kwenye ardhi yao, nyanda za juu ili kupisha kondoo. The Highland Clearances cha John Prebble (1963) kinasomeka kwa uchungu na kwa kasi. The Scottish Clearances cha T. M. Devine (2018) kinakwenda polepole, ila kinaonyesha kwamba hata nyanda za chini watu walipoteza mashamba, kimyakimya, na karibu wamesahaulika. Kama fedha inatosha kimoja, chukua cha Devine.

Mwenye haraka achukue The Prime of Miss Jean Brodie cha Muriel Spark (1961), kifupi na kikali, kuhusu mwalimu wa Edinburgh na wanafunzi aliowateua. Lanark cha Alasdair Gray (1981) kiache kwa sasa. Kinaanza na sehemu ya tatu, na kinataka msomaji aliyekwisha kuizoea Glasgow.

Stevenson hana hakimiliki tena, yupo bure mtandaoni, hivyo ukibanwa anza naye huko. Akiba hiyo ielekeze kwa Sorley MacLean, aliyeandika Hallaig kwa Kigaeli kuhusu kijiji kilichohamwa kisiwani Raasay, ambako miti ya mbetula ni wasichana wanaotembea. Chukua toleo la lugha mbili, Kigaeli kushoto na Kiingereza kulia, hata kama hutasoma neno la upande wa kushoto.