Kukoga bahari kwa faragha Ushongo: uzoefu wangu

Mwanamke wa Tanga anayetaka kukoga bahari bila dera kumganda miguuni ana bahari nyingi na nafasi chache. Raskazone jioni ya Jumapili ni muziki, mihogo ya kukaanga na vijana wenye simu mkononi. Unaingia majini na suruali ya kubana, dera juu yake, mtandio juu ya dera. Ukitoka umebeba ndoo nzima ya maji mwilini, na picha yako imeshafika Makorora kabla yako. Sahare nako kuna wavuvi na wachuuzi wa samaki tangu alfajiri. Ndiyo maana zamu yangu ya upatu ilipofika, mimi na wenzangu wa kikundi tukakubaliana kwamba safari hii hela isiishie kwenye makochi. Twende mahali tukakoge.

Tulifikia Ushongo, wilaya ya Pangani, kwenye loji ndogo ya mabanda ya makuti. Siitaji jina kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na haya ya pili yanamhusu zaidi wakala wa mjini aliyetuuzia safari kuliko wenyeji wetu.

Wakala huyo alitutumia picha za mchanga mweupe na mivinje, hakuna hata nyayo ya mtu, na chini yake maneno "ufukwe binafsi, wageni tu". Dada zangu, mkisoma maneno hayo shikeni pochi zenu kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mchanga ule anapita yeyote: mvuvi na nyavu zake, mama anayekwenda kuchokoa pweza, watoto wanaokatisha kurudi nyumbani. Hoteli itakuuzia banda, kivuli na watu wa kukuangalizia. Bahari yenyewe hakuna wa kukuuzia.

Kabla sijatoa hata shilingi nikaomba namba ya msimamizi wa loji, nikamwuliza bila kupindapinda: "Kaka, sisi ni wanawake peke yetu, tunataka kukoga tumevaa vichache. Nani anapita hapo?" Akacheka kidogo. "Wanapita, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini tuna utaratibu wetu." Huyo ndiye niliyemwamini, na hela nikailipa kwa sababu yake.

Njia sina mengi ya kusema. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, tukakodi Noah. Mtoni tukavuka kwa pantoni hadi Bweni, maana daraja jipya la mita 525 lilikuwa bado linajengwa, kisha kama kilomita 16 za vumbi na minazi. Masika msijaribu na gari la chini.

Mabanda ni ya kawaida: vitanda vya mbao, chandarua nilichokikagua tundu kwa tundu nikaridhika, feni inayozunguka umeme ukiwapo. Shuka safi. Bei ilikuwa laki na ishirini kwa banda la watu wawili pamoja na chai ya asubuhi, na kwa pwani ile si ghali. Ila chai yenyewe, kwa watu wa Tanga waliozoea mkate wa kumimina na mbaazi za nazi, kupewa yai moja na vipande vya mkate wa dukani ni dharau kidogo. Siku ya pili tulimwomba mpishi jiko, wifi yangu akakuna nazi mwenyewe, na mpishi akabaki kuonja.

Bafu ndilo lililonifurahisha kuliko vyote. Halina paa. Umezungukwa na ukuta wa makuti yaliyosukwa, chini kokoto, juu mbingu na vichwa vya minazi, na maji yanatoka kwenye bomba yakiwa na joto la jua. Nimeolewa, nimezaa, nimelea, na sijawahi kusimama wazi mchana kweupe na upepo ukanipita mwilini bila kuwaza mlango. Nilikaa humo mpaka vidole vikakunjamana, wifi akagonga mara tatu akidhani nimeanguka.

Kasoro yake moja ni ukuta. Kwenye banda letu ulinifika kidevuni, na mimi si mrefu. Nikiwa na povu kichwani nikasikia sauti kutoka nje, mbali kidogo: "Hodi jamani, napanda!" Ni mkwezi wa minazi. Huo ni sehemu ya utaratibu alioutaja msimamizi: mkwezi haweki mguu kwenye mnazi wowote karibu na mabanda bila kupiga hodi na kusubiri aitikiwe. Nikavuta leso, nikajifunga, nikaitika. Alivyokuwa muungwana, alipanda akiwa ameelekeza uso baharini. Hata hivyo nilimwambia msimamizi kwamba hodi si ukuta, na mwanamke mwenye povu machoni hapaswi kutegemea uungwana wa mtu aliye juu ya mnazi. Akakubali.

Sasa bahari. Anayekwenda Ushongo bila kujua mwezi ukoje atajuta. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hutoka mbali kwenye saa nne asubuhi, unatembea na kutembea bado uko magotini, halafu hujaa vizuri kwenye saa kumi alasiri. Tulikwenda bamvua kwa makusudi, kwa sababu alasiri ndiyo saa yetu: jua limeshalegea, na wavuvi wengi wameshapandisha ngarawa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Loji inawaita kina mama wawili wa kijijini, wanalipwa, mmoja anakaa upande wa kaskazini mwingine upande wa kusini, kila mmoja na mkeka wake na ukili wa kusuka. Mwanamume akitokea, mama anainuka, anamsalimia, wanaulizana hali za nyumbani, kisha anamwomba apite nyuma ya mivinje. Hakuna kamba wala kibao, na hakuna aliyefukuzwa. Kijana mmoja tu alibisha, mama akamwuliza yeye ni mtoto wa nani, ubishi ukaisha. Kati ya mivinje walikuwa wametufungia leso kama pazia, na nyuma yake ndipo tulipoacha madera. Wengine waliingia na burkini, wengine na bukta na fulana, na wawili watatu, siwataji, waliingia na leso moja kifuani tu kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya. Shangazi yetu mmoja, ambaye mjini hata mkono wake huuoni, alielea chali akacheka peke yake.

Banda la jirani alikuwepo bibi mmoja wa Kijerumani, muuguzi mstaafu aliyewahi kuishi Lushoto, Kiswahili chake kizuri tu. Siku aliyofika alimwuliza msimamizi kama anaweza kuota jua bila nguo. Akajibiwa kwa adabu: "Hapana, mama. Hapa kijijini, na wazee wanapita kwenda kuswali." Hakununa. Usiku kwenye chakula akatusimulia anakokwenda kila mwaka, Charco del Palo, kijiji kwenye kisiwa cha Lanzarote huko Visiwa vya Kanari vya Uhispania. Huko watu wanapanga nyumba na kukaa uchi, si ufukweni tu, hata njiani. Anasema pwani yake si ya mchanga. Ni miamba myeusi ya volkano, kuna mabwawa ya maji ya bahari kati ya mawe, watu hushuka kwa ngazi, na upepo hauchoki. Kumbe jambo lenyewe si geni kwao. Ufaransa kuna kambi ya namna hiyo, Montalivet, tangu 1950, na Kroatia kuna Koversada tangu 1961, na huko familia nzima huenda, bibi mpaka wajukuu.

Shangazi akaacha kijiko. "Sasa mama, ukikutana na mkweo?"

"Namsalimia."

Tulicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Sikubaliani na mtindo huo, na sidhani Pangani itaukubali, wala haina haja. Lakini nilipomwuliza masharti ya kule, nikashangaa: huruhusiwi kupiga picha watu, huruhusiwi kukodolea macho, na popote unapokaa lazima utandike taulo lako. Hilo la taulo ni usafi tu, nalielewa. Hayo mawili ya kwanza ndiyo hasa tuliyokuwa tunayatafuta sisi tuliojifunika. Wao wanavua, sisi tunajisitiri, na wote tunakimbia simu ya mtu mwingine. Kesho yake tukaweka sheria: simu zote kwenye kikapu cha ukili, kikapu kwa mama wa kaskazini, hakuna "nijipige moja tu". Bibi wa Kijerumani naye akaweka ya kwake, akaingia nasi majini amevaa nguo ya kuogelea ya kawaida, na alikuwa mwogeleaji bora kuliko sisi sote.

Kuhusu Maziwe, wakala alituuzia kama kilele cha faragha: "kisiwa chenu peke yenu". Si kweli, na mimi sishauri mwende kwa sababu hiyo. Maziwe ni eneo tengefu la bahari, yaani limehifadhiwa, tangu 1975, kiko kilomita 8 hivi kutoka mwambao wa Pangani. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa wengi walipanda kutaga. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na leo ni fungu jeupe tupu ambalo bamvua likijaa linafunikwa lote. Maana yake hakuna kivuli, hakuna kichaka, hakuna choo. Kila mashua iliyo karibu inakuona ulivyo. Sisi tulikuta mashua nyingine mbili za wazamiaji, wanaume wengi, basi madera yakabaki mwilini. Haja ndogo ni baharini, nasema wazi ili mtu asije akateseka.

Kwa uzuri, hata hivyo, sina la kupunguza. Maji yanaonyesha mpaka kivuli chako chini, na ukivaa miwani unaona matumbawe na samaki ambao mjini tunawajua wakiwa kwenye kikaango tu. Nahodha alikuwa kijana makini, maboya ya kuvaa yalitosha kila mtu, na alitudai risiti ya malipo ya serikali kabla ya kung'oa nanga. Saa nne tulikuwa mchangani, saa sita akaanza kutuita. Somo yangu alitaka dakika tano zaidi. "Mama, bahari haina dakika tano," akamjibu, na kweli tulipotazama nyuma fungu lilikuwa limebaki nusu. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha na kofia pana. Mimi pua iliniwaka kwa siku kadhaa.

Kilichonigusa zaidi kinatokana na Maziwe lakini kiko Ushongo. Kasa bado wanapanda kwenye lile fungu kutaga, na mayai yakiachwa maji ya bamvua yatayazamisha. Kikundi cha Friends of Maziwe huyahamishia ufukweni Ushongo, wanayafukia upya na kuyalinda mpaka yaanguliwe, kitu cha siku 50 hadi 60. Tulionyeshwa shimo moja lililozungushiwa uzio wa vijiti, na tukaombwa usiku tusiwashe tochi upande wa bahari, kwa sababu vitoto vikitoka hufuata mwanga na vinaweza kupotea njia. Kwetu giza lile lilikuwa neema. Usiku mwezi ulikuwepo, taa hazikuwepo, kina mama wa zamu walikubali kuongeza saa kwa malipo kidogo, tukaingia tena. Konyeza mmoja alinichoma paja. Siki ikasaidia.

Malalamiko. Wakala alichukua advansi ya watu wote, na mwenzetu mmoja alipofiwa akashindwa kuja, tuliambiwa hela yake "imeingia kwenye ada ya huduma". Huduma ipi, hatukuelezwa mpaka leo. Msimamizi wa loji yeye alitushangaza kwa kusema sehemu yake hakuwahi kuletewa. Pigeni simu loji moja kwa moja, lipeni huko, mdai risiti yenye jina. Na kama mnataka kina mama wa zamu, semeni mapema, kwa sababu nao wana mashamba na shughuli zao. Sisi tuliwalipa juu ya kile walichopewa na loji, na sidhani kuna hela tuliyoitoa safari nzima iliyostahili zaidi.

Wenye watoto wa kiume waliokwisha kupevuka, hii si safari yenu. Tulimwacha wa somo yangu kwa baba yake na alishukuru. Wenye miguu mibovu, muulize kwanza kuhusu mchanga, maana kutoka gari linaposimama hadi mabandani unazama mpaka vifundoni. Kusi likikaza, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na mashua za Maziwe huahirishwa, basi chagueni kaskazi.

Nyota nne kati ya tano natoa kwa loji, moja nimeibakiza kwa ajili ya ukuta wa bafu. Msimamizi ameniahidi kuongeza makuti kwenye banda la pili kutoka baharini. Mkipangiwa hilo, tazameni kwanza kama ameongeza, ndipo mvue.