Ziara ya Siku Moja Kisiwani Ngazija: Mwongozaji Hodari, Ratiba Mbovu

Nilinunua ziara ya siku moja ya kisiwa cha Ngazija, Komoro, kwa yuro 60, chakula cha mchana kikiwemo, kutoka kwa kampuni ndogo ya mjini Moroni. Sijutii fedha hizo, ila mgawanyo wa saa ulinikera kiasi cha kunifanya niandike haya kwa ajili ya yeyote anayekusudia kupita njia hiyohiyo.

Tulikuwa watu watano katika gari moja, na mwongozaji wetu, ambaye alisoma Unguja, alizungumza Kiswahili kisichohitaji mkalimani. Alituanzishia Badjanani, mtaa wa kale wenye vichochoro vinavyomkumbusha mtu Mji Mkongwe, hadi tukatokea kwenye msikiti wa kale wa Ijumaa, ambao kwa kawaida huelezwa kuwa ulijengwa mwaka 1427 na ambao matao yake meupe yanatazama bandari ndogo ya mashua. Alitueleza pia habari za Sheikh Muhammad al-Maarouf, mzaliwa wa Moroni aliyefariki mwaka 1905, ambaye kwa juhudi zake na za wanafunzi wake tarika ya Shadhiliya ilienea katika pwani yetu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani nilimwamkia, na alipojua nimetoka Tanga akanijibu kwa maneno ambayo nusu yake niliyaelewa. Nilipomnunulia kahawa akaniambia "marahaba", nami nikababaika kidogo, kwani kwetu neno hilo humjibu aliyetoa shikamoo, ilhali kwa Wangazija ndiyo asante yenyewe.

Kutoka hapo tulikwenda Iconi, kilomita chache kusini mwa Moroni, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Iconi ni mji wa masultani wa zamani uliokaa chini ya kilima ambacho chenyewe ni volkeno iliyozimika, na upande wake wa baharini umekatika kuwa jabali lililo wima. Kutoka juu ya jabali hilo, mwaka 1805, wanawake wa mji walijitupa baharini wasije wakatekwa na wavamizi kutoka Madagaska waliokuwa wakisaka watumwa. Mwongozaji alikisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, bila madoido, huku tukiwa tumesimama mahali panapoonekana jabali na mawimbi kwa pamoja, na hakuna aliyeuliza swali. Baada ya dakika ishirini na tano dereva akapiga honi. Jumba la kale la masultani tuliliona kupitia dirisha la gari.

Njia ya kwenda kaskazini hukatiza mabonde ya lava nyeusi, hasa ukikaribia Hahaya, penye uwanja wa ndege. Niliuliza mbona hatujavuka hata mto mmoja, nikajibiwa kwamba Ngazija haina mto wa kudumu, kwa sababu mawe ya volkeno yana vitundu na mvua yote hunywea ardhini, kwa hiyo kila nyumba hutegemea birika la kuvunia maji. Volkeno ya Karthala ilipolipuka mwezi Aprili na tena Novemba mwaka 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo na watu wakakosa maji safi. Maelezo haya yalinifaa kuliko picha zote nilizopiga siku ile.

Ziwa la Chumvi, lililo ndani ya kasoko karibu na Bangoi-Kouni, ni zuri na linahitaji robo saa tu. Mgongo wa Joka, safu ya miamba iliyochongoka huko Ivoini, unapendeza zaidi jua likiinama. Lakini kati ya vituo hivyo tuliachwa zaidi ya saa mbili katika ufuko wa Maloudja. Mchanga ni mweupe na maji ni matulivu, nakiri, ila mtu wa pwani hakusafiri kwenda kutazama ufuko. Chakula kilifidia kwa kiasi: mataba, yaani kisamvu kilichoungwa kwa tui zito, pamoja na wali na samaki wa kuchoma.

Jambo jingine linahitaji kusahihishwa na kampuni yenyewe. Tangazo lao lina picha ya kasoko la Karthala, hali ziara haipandi mlima huo wa mita 2,361. Kupanda ni safari nyingine, ambayo wengi huifanya kwa kulala njiani, na siku ile mawingu hayakutuachia hata kilele.

Ukiichukua ziara hii, omba kabla ya kulipa kwamba saa moja ya ufukweni ihamishiwe Iconi. Mwongozaji aliniambia kuwa kundi likikubaliana, yeye hana kipingamizi. Epuka siku ya Ijumaa ikiwa unataka kuutazama msikiti bila haraka, na uchukue viatu vyenye soli ngumu, kwani ndara zangu zilichanika kwenye miamba ya Ivoini nikarudi Moroni mguu mmoja ukiwa pekupeku.