Kempa ya kunyanyuka mgongoni mwa Hilux: inavyovumilia hewa ya Pemba

Nianze na hukumu, kwa asiye na muda. Una pikapu ya milango minne na unataka kulala humo Pemba, Unguja na bara: chukua kempa, yaani chumba cha kulala kinachofungwa juu ya bodi, sehemu ya mizigo ya pikapu, na iwe ganda tupu la alumini lenye paa la kunyanyuka. Jiko la ndani, sinki na kipasha joto waachie wenye nchi za baridi. Na ukienda kuitazama, kabla hujauliza uzito uliza mambo matatu: mwanamke anaingia vipi kitandani, upepo unapita wapi, na boliti ni za chuma gani.

Sisi tunaishi Wete. Mume wangu kastaafu, na mimi ni fundi cherehani. Mapazia ya hoteli, vifuniko vya boti na mito ya barazani ndiyo riziki yangu. Kempa tuliinunua mkono wa pili Dar es Salaam, imetengenezwa Afrika Kusini, ya aina inayokaa mahali pa kenopi, kile kifuniko cha bodi: kuta za alumini, mlango nyuma, paa limetiwa bawaba mbele na linanyanyuka nyuma kwa shoki mbili za gesi, zile fimbo za kulisukuma juu, na baina ya paa na kuta kuna turubai. Bei siitaji, kwani ilikuwa ya kubembelezana na haitamsaidia mtu. Kabla yake tulikuwa na hema la paa, lile la kupandia ngazi.

Hema la paa ni zuri kwa vijana. Bei yake ni rahisi zaidi, mengi yana kilo hamsini hadi sabini, na bodi ya gari inabaki wazi kwa mizigo. Lakini mfikirie mwanamke mtu mzima usiku, kwenye uwanja wa mahema, wageni wamezunguka kila upande, naye anataka kwenda haja. Anashuka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja tochi, mkono mmoja ngazi, na wa kushikia kanga hana. Kwenye kempa unaingia kwa mlango wa nyuma, unaufunga, kisha unapanda kitandani ukiwa ndani kwa ndani. Unavua, unavaa, unasuka nywele zako umesimama wima, hakuna akuonaye. Kwangu sitara hiyo ndiyo niliyoilipia, hayo mengine ni nyongeza. Wanaume wanaosifia vitu hivi wanazungumzia springi na tairi tu.

Kitanda kinasukumwa juu darini, na chini kunabaki nafasi ya bodi, kama mita moja na nusu kwa urefu. Inatosha mtu mmoja kusali, ila kwa urefu wa gari. Kwa upana matao ya matairi yanakubana. Hapa Pemba hilo si tatizo. Kibla chetu ni kaskazini, karibu moja kwa moja, maana Makka imekaa juu yetu kwenye ramani bila kupinda. Gari likilazwa kaskazini na kusini, mambo yamekwisha. Na pepo zetu nazo, kwa kukadiria, zinafuata njia hiyohiyo. Paa la aina hii linataka pua ya gari iangalie upepo, ili upepo uteleze juu ya mteremko wake. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, unaelekeza pua kaskazini. Kusi ikishika, pua kusini, na unasali umeelekea mlango. Ukikosea ukaipa kusi mgongo, turubai inajaa kama tanga na hulali kwa mapigo yake.

Sasa uzito, maana najua ndilo la kwanza mtakaloniuliza. Ukisoma wanavyoandika Wamarekani utadhani kila kilo ni dhambi. Wana sababu yao. Pikapu yao ya safari, Toyota Tacoma, nyingi zimepangiwa mzigo wa kilo mia tano na kitu, na mzigo maana yake ni pamoja na watu waliokaa mbele. Ndiyo maana GoFast Campers, kiwanda cha Bozeman kule Montana, kimejipatia jina kwa ganda la kilo kama 125. Four Wheel Campers wa California, ambao biashara yao ni ya tangu 1972, wanauza kempa kamili za kutumbukiza ndani ya bodi zinazokaribia nusu tani zikiwa tupu, lakini nao siku hizi wana ganda waliloliita Project M, la kilo kama 210. Hilux zetu nyingi zimepangiwa karibu tani moja. Piga hesabu: ganda kilo 220, watu wawili 140, maji lita 60 ni kilo 60, friji na chakula 40, betri na sola 30, godoro, vyombo na nguo 60. Jumla 550. Kwenye Tacoma umeshajaza, kwenye Hilux bado una nafasi.

Kwa hivyo usilipe fedha nyingi za ziada kuokoa kilo hamsini. Lakini tani hiyo isikudanganye ukachukua nyumba kamili. Mzigo wa kempa kubwa unakaa juu na nyuma, na njia ya mashimo inaupiga huku na huku. Linaloteseka ni springi za nyuma na fremu. Sisi tuliongeza jani moja la springi kila upande na kubadilisha shokapu, basi. Mizigo mizito, maji na betri, inakaa chini kabisa, karibu na kabini. Na juu ya paa la kunyanyuka usifunge kitu. Shoki za gesi zimepimwa kwa uzito wa paa lenyewe. Ukizipandishia ubao wa kuteleza mawimbini na dumu la mafuta, utanyanyua kwa kichwa.

Turubai nayaweza, na hapa ndipo ningependa mnunuzi akae sana.

Ziko aina mbili utakazokutana nazo. Moja ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki, kinang'aa kidogo, mvua haipiti hata kidogo. Kwa Ulaya ni sawa. Kwetu hewa ya usiku imejaa maji na kitambaa kile hakipumui, mkiamka ukuta unatiririka jasho lenu wenyewe. Ya pili ni pamba iliyochanganywa na poliesta, nene, haing'ai. Hii inapumua. Ikirowa nyuzi za pamba zinavimba na kuziba matundu, na ndiyo maana turubai mpya huvuja kwenye mishono mara ya kwanza kisha ikaacha. Imwagie maji, iache ikauke juani, rudia, ndipo usafiri nayo. Usiifue kwa sabuni ya unga. Sabuni inaondoa dawa ya kuzuia maji, na baadaye utailaumu turubai ya watu bure. Maji baridi na brashi laini yanatosha.

Adui wake ni kuvu. Turubai iliyofungwa mbichi, kwa hewa yetu ya masika, inaanza madoa meusi upesi sana, na doa la kuvu likishaingia kwenye uzi halitoki. Ukifunga ikiwa na umande, ifungue siku hiyohiyo ukifika. Godoro nalo linakusanya unyevu kwa chini, pale linapogusa ubao. Madukani wanauza matandiko maalumu ya kupitisha hewa, mimi nimetandika mkeka wa ukindu na juu yake godoro, na chini pako pakavu. Zipu zitazame pia. Zipu ya meno ya chuma baharini haikai, chagua ya plastiki, na ipake nta ya mshumaa kila ukikumbuka.

Wavu wa madirisha ndio nilioudharau kwenye hii yetu. Mbu haingii, lakini usubi unapita kana kwamba mlango uko wazi. Ukienda kutazama kempa chukua kitambaa cha chandarua kizuri mfukoni ulinganishe matundu.

Alumini watu wanadhani hailiwi na chumvi. Haishiki kutu nyekundu, ni kweli, ila inatoa unga mweupe, na inautoa zaidi pale inapogusana na chuma cha aina nyengine kukiwa na maji ya chumvi. Hapo alumini ndiyo inayoliwa. Fundi mmoja wa mjini aliyetufungia kempa kwenye bodi alitia boliti za chuma cha kawaida, na nilipomuuliza akaniambia, "Mama, boliti ni boliti." Kabla mwaka haujaisha zilikuwa zinalia machozi mekundu kwenye rangi ya gari. Tumezing'oa zote, tumetia za stenlesi, na kila moja ina washa ya nailoni na grisi kuitenga na alumini. Fundi wa boti angelijua hilo bila kuambiwa. Kama unaishi visiwani, mpelekee fundi wa boti kazi hii. Na kila ukivuka na meli ya magari kwenda Unguja au Dar es Salaam, ukishuka tafuta maji baridi uoshe, hasa bawaba na zile fimbo za shoki za gesi. Fimbo ikipata vidonda vya chumvi inachana mpira wa ndani, gesi inavuja, na paa halikai juu.

Umeme nauruka haraka. Sola ya wati 100, siku ya jua zuri, inakupa kama wati-saa 400, inatosha feni, taa, simu na friji ndogo ukiiweka kivulini na usipoifungua kila mara. Feni usiifanyie ubahili. Mwezi wa Februari upepo ukilala, ndani ya ganda bila feni ni joto la tanuri hata madirisha yakiwa wazi.

Kupika tunapika nje, nyuma ya gari, chini ya mlango ulionyanyuliwa unaotukinga mvua. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita na jiko lake la juu. Seredani tunayo kwa samaki, na hiyo haivuki kizingiti hata mvua ikinyesha vipi. Makaa yanayoonekana yamekwisha bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kidogo cha turubai kilichofungwa kinatosha kuua waliolala.

Kwa matumizi ya hapa kisiwani, urefu wake ukiwa imefungwa ni juu kidogo tu ya kabini, na njia ya Msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi inapita, ila matawi yanakwaruza. Kabla ya kulala pahala mwone sheha, kiongozi wa mtaa, ni adabu na ni usalama wako. Gari usililaze mchangani wakati wa bamvu, maji makubwa. Maji yetu yanapanda na kushuka hadi kama mita nne, na ule mchanga mgumu uliouona jioni ni njia ya bahari. Wavuvi wakipiga dago, kambi yao ya ufukweni, wanajua wapi pa kukaa, waulize wao.

Bara imetupa joto na baridi pia. Ukingo wa Ngorongoro uko juu mita 2,300 hivi, na asubuhi dari ya alumini ilikuwa inatudondoshea pumzi zetu wenyewe. Kipasha joto hatukukihitaji, mablanketi yalitosha. Kilichohitajika ni kitambaa kinene darini kuizuia alumini isiguse hewa ya ndani, na hicho nimekishona mwenyewe. Tarangire sifa ya kempa ilikuwa mbung'o: unaingia, unafunga mlango, unakula ndani. Wenzetu wa hema la paa walikula wakijipiga makofi. Karatasi za kuvusha gari la namba ya Z, ya Zanzibar, kwenda bara sitaziingilia hapa, zina habari yake.

Nani asinunue? Mwenye watoto watatu, kwani hapalaliki zaidi ya wawili, na hao wawili wawe wanapendana. Anayetaka bodi ya gari kwa kazi ya kila siku naye ajue kwamba kuliteremsha ganda hili ni kazi ya wanaume wanne na nusu siku. Kempa ya kutumbukiza ina miguu yake ya kusimamia, unalitoa gari chini yake peke yako, na kwa mtu huyo uzito wake una maana. Na mwenye kulala nje mara mbili kwa mwaka, hema la paa linamtosha, avumilie ngazi.

Mimi ganda naliacha kama lilivyo. Wavu wa madirisha ndio ninaoubadilisha wote, nimepata wa matundu madogo unaozuia usubi, na upepo unapita zaidi kidogo ya nilivyotarajia. Nimeshona dirisha moja kwanza, la upande wa kushoto, mengine yanangoja masika yaishe nipate jua la kukaushia mishono.