Slaidi za udongo wa barafu ya kale: bei iko juu ila kazi yao naikubali

Wakuu, kama unasoma jiolojia na unataka kuuangalia kwenye hadubini udongo ulioachwa na barafu ya zamani, soma hii kabla hujatuma sampuli yako popote. Nimetumia maabara moja ndogo iliyo ndani ya chuo huku Uingereza, wanatengeneza slaidi (kipande chembamba sana cha udongo kilichogandishwa kwenye kioo) mpaka kwa oda za watu wa nje. Jina silitaji hapa maana fundi ni mmoja na foleni yake tayari ndefu, ila nataka niwaeleze wanavyofanya kazi ili ujue cha kudai huko utakakopeleka. Nawapa nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyokatika ntaieleza.

Sampuli zangu zilitoka Happisburgh, pwani ya Norfolk, mashariki ya Uingereza, pale kwenye kingo za udongo ambazo bahari inazila bila kupumzika. Ndani ya kingo zile kuna kitu wataalamu wanaita tili, yaani udongo wa mfinyanzi, mchanga na kokoto vilivyosagwa na kuburutwa chini ya ngao ya barafu kwenye kipindi cha Anglian, kama miaka 450,000 iliyopita, barafu ilipofika mpaka karibu na ilipo London ya leo. (Tabaka za chini ya hiyo tili ndo zile zilizotoa nyayo za binadamu mwaka 2013, zina zaidi ya miaka 800,000, lakini hiyo stori nyingine.) Eneo lina ulinzi wa kisheria kwahiyo omba ruhusa kwanza. Unachukua kopo la Kubiena, kiboksi cha bati kilichopewa jina la Walter Kubiëna, Mwaustria aliyeutangaza usomaji wa udongo kwa hadubini miaka ya 1930, unalikandamiza taratibu kwenye ukuta wa udongo, unakata pembeni kwa kisu, unalitoa lote bila kuvuruga kitu, unachora mshale wa juu uko wapi na kaskazini wapi, unalifunga plastiki.

Sasa hapo ndo watu wengi wanapoharibikiwa. Maabara za kawaida zimezoea mwamba mgumu, unakata, unasaga, unagandisha kwenye kioo, imeisha. Tili ni tope tu. Kuna sehemu nyingine nilipeleka mwanzo wakaikausha kwa joto ili wawahi, mfinyanzi ukanywea, slaidi zikarudi zina nyufa kila upande, na ukiwa na ufa wa namna hiyo huwezi tena kujua ni barafu ilipasua udongo au ni oveni ya jana. Hawa wa sasa hawakaushi hovyo. Maji wanayatoa kwa kuyabadilisha na asetoni kidogokidogo, mpaka maji yote yaishe, halafu wanaingiza rezini (gundi ya maji inayokuja kuwa ngumu) huku pampu inanyonya hewa ili rezini ifike kwenye kila tundu, kisha wanaiacha igande yenyewe kwa wiki kadhaa. Msumeno wao wa almasi unapozwa kwa mafuta na sio maji, maana mfinyanzi ukionja maji unavimba. Mwisho wanasaga mpaka unene wa milimita 0.03 hivi, na slaidi yenyewe ni kubwa, inajaa kiganja, sio vile vislaidi vya maabara ya shule.

Jinsi ya kuwakagua ni rahisi: weka slaidi kwenye hadubini yenye polaraiza mbili zilizokatana (vichujio vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) uangalie chembe za kwatzi, yale madini ya kwenye mchanga. Kwenye unene sahihi kwatzi inakuwa ya kijivu au nyeupe. Ukiona njano basi slaidi nene, irudishe. Zangu zilikuwa kijivu toka kona hadi kona, na kwa slaidi ya ukubwa ule hicho kitu sio cha mchezo aisee. Alafu wamekata alama pembeni ya kioo kuonyesha upande wa juu, hata ukiigeuza hupotei. Slaidi ya tili isiyo na mwelekeo haina kazi, maana swali zima ni barafu ilisukuma kutokea wapi.

Na nilichokiona mle ndani ndo sababu naandika kwa furaha hivi. Kwa macho ya kawaida ule udongo ni kijivu tu, umejaa vijiwe, hamna cha ajabu. Kwenye hadubini unakuta jiwe dogo katikati na chembe za mchanga zimejipanga kulizunguka, kama watu waliozunguka ngoma. Jiwe lile liliviringika ndani ya tope likazivuta na chembe za jirani zizunguke nalo. Sehemu nyingine chembe zimejipanga mstari mmoja ulionyooka, hapo udongo ulikatika na upande mmoja ukateleza juu ya mwingine. Kuna chembe zimepasuka vipande na vipande bado viko palepale vinatazamana, yaani zilisagwa zikiwa zimebanana. Na mfinyanzi wenyewe, ambao kila kipande chake ni kidogo mno hata hadubini ya mwanga haikioni, ukisukumwa ulale upande mmoja wote kwa pamoja unawaka kwenye polaraiza. Jaap van der Meer, Mholanzi, na John Menzies wa Kanada ndo waliozishupalia hizi alama miaka ya 80 na 90 mpaka zikawa na majina na maana zake.

Maana yake ni hivi. Barafu haikuwa inateleza tu juu ya sakafu ngumu, sakafu yenyewe ilikuwa tope lenye maji na ilitembea pamoja na barafu. Hiyo sio habari ya zamani peke yake, maana mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya mitetemo vya Antaktika Magharibi, kwenye mkondo wa barafu ambao sa hivi unaitwa Whillans, wakakuta chini yake tabaka la tope lililolowa lenye unene wa mita kadhaa. Huko kufika mpaka utoboe barafu ya karibu kilomita nzima, Norfolk unafika kwa basi, barafu imeshaondoka na sakafu yake iko wazi unaishika kwa mkono. Kwa mtu anayetaka kujua barafu za leo zitakimbiaje kuelekea baharini, mimi sioni pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Haya, nusu nyota. Kusubiri ni kurefu, tena ni miezi, na bei imechangamka kweli kwa mwanafunzi. Picha nzima ya slaidi iliyoskaniwa wanaitoza pembeni, mi naona ingekuwa ndani ya bei. Ila kuna kitu nawaheshimu nacho: baadhi ya sampuli zangu zilikuwa na chaki nyingi, na fundi akaniambia kabla sijalipa kwamba chokaa ya kwenye chaki inawaka yenyewe kwenye polaraiza na itaficha mpangilio wa mfinyanzi, nitegemee kusoma mpangilio wa chembe tu. Angeweza kunyamaza achukue hela.

Kama una mwamba mgumu usiwasumbue mafundi wa namna hii. Mfano zile tabaka za Idusi kule bonde la Ruhuhu, kusini ya Tanzania, zilizoachwa na barafu karibu miaka milioni 300 iliyopita enzi za Gondwana (bara kubwa la kale lililoiunganisha Afrika na mabara mengine ya kusini), au zile za Lukuga upande wa Kalemie kule Kongo, hizo zimeshakuwa mawe kabisa na maabara yoyote nzuri ya kukata miamba itakutengenezea kwa bei nafuu zaidi.

Ila kwa tope, tafuta maabara kama hii, na ukishalifunga kopo liweke kwenye friji, usiweke friza, maji yakiganda yanatengeneza vipande vya barafu vinavyousukuma udongo na kuupa mpangilio wa uongo. Fundi lazima akuulize lilihifadhiwa wapi, na akisikia lilipita friza halipokei.