Mifuko ya PICS kwa mahindi, fukusi wameshindwa ila soma kwanza kabla hujanunua

Nimeweka mahindi ya msimu uliopita kwenye hii mifuko ya PICS (ya kuhifadhia nafaka bila hewa kuingia), nimefungua juzi hamna punje iliyobunguliwa, hamna ule unga unga chini. Naipa nyota 4.

Inavyofanya kazi ndo imenikosha. Fukusi jike anatoboa punje kwa ule mdomo wake kama mkonga, anataga yai humo, anaziba tundu kwa ute, funza anakula ndani kwa ndani na kwa joto letu wiki kama tano anatoka mdudu kamili. Sasa dawa ya unga unayopaka nje itamfikia vipi alie ndani? Mfuko hauna dawa, ni plastiki mbili nzito ndani ya kiroba cha kawaida, ukifunga vizuri wadudu wanaimaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakauka wanakufa.

Ila jua una mdudu gani jamani. Dumuzi sio fukusi, hata ukoo sio mmoja, yule katokea Amerika ya Kati akaanza kusumbua Tabora miaka ya 80 mwanzoni, na anaweza kutoboa hadi plastiki, so kama mahindi yako yanae pepeta na chekecha kwanza. Fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais) yuko kundi la Dryophthorinae, kuna wataalamu wanaliita familia kamili na wengine nusu familia tu, wabishane wao. Humo yumo pia fukusi wa migomba anaekula tunguu kule chini, na yule mwekundu anaemaliza mitende Oman, hao wa shambani mfuko hauwahusu kabisa.

Mahindi lazima yakauke kweli, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu utikise, chumvi ikiganda pembeni rudisha juani la sivyo utafungua uvundo. Funga plastiki ya ndani kwanza, kisha ya pili, kisha kiroba, weka juu ya chaga mbali na panya, na usifungue fungue kuchungulia maana unawapelekea hewa.

Nyota moja nimeikata kwa duka moja la pembejeo hapa mjini waliniuzia wenye plastiki moja nyepesi bei ile ile, kwahiyo hesabu plastiki kabla hujalipa. Na chukua wa kilo 50, ule wa 100 kuubeba bila kuuchana ni shughuli.