Chumba cha miche Mji Mkongwe: feni kwanza, taa baadaye

Chumba changu kina dirisha moja linalotazama kichochoro, na jua hulipitia kama saa moja tu adhuhuri. Wewe mwenye uwanja, usijisumbue kusoma zaidi: nunua neti ya kivuli, jua halina bili. Orodha hii ya vifaa ni ya sisi tulio ndani ya kuta za mawe na chokaa tunaotaka kuotesha tungule, saladi na pilipili hoho.

Nambari moja ni feni. Najua wengi huanza na taa. Mimi pia nilianza hivyo, tena masika, dirisha nimelifunga kwa mvua, maji namwagia asubuhi na jioni. Siku ya nne nikaikuta miche ya tungule imelala, vijani bado kijani kibichi, lakini shingo imenywea pale inapogusana na udongo, nyembamba kama uzi, rangi ya kahawia. Ni ukungu wa udongoni huo, na unachopenda ni maji mengi na hewa iliyosimama. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu.

Feni ya meza ya wati 50 inatosha. Usiielekeze kwenye miche moja kwa moja. Ipige ukutani, hewa irudi, majani yacheze kidogo. Tafuta yenye wavu wa plastiki, maana chumvi ya bahari hula chuma. Pangaboi ulilonalo litasaidia, ila linazungusha hewa ileile, kwa hiyo acha dirisha wazi kidogo.

Nambari mbili: taa ndefu za LED nyeupe za futi nne, wati 18, zilizoandikwa 6500K kwenye boksi. Ndizo hizihizi za dukani na msikitini. Funga mbili kwa kila rafu, sentimita 15 hivi juu ya majani, zining'inie kwa mnyororo ili uzipandishe miche inapokua. Ukiziweka darini, miche itarefuka kuzifuata mpaka ianguke. Taa nne zikiwaka saa 14 hula yuniti moja hivi ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa siku. Feni ikizunguka usiku na mchana hula 1.2.

Zile za zambarau zinazouzwa kwa jina la taa za mimea hazina ubaya, zinaotesha. Kinachoniudhi ni kwamba chini yake kila jani linaonekana jeusi, na jani la manjano utaligundua limeshachelewa. Globu za zamani za waya usiziguse, karibu umeme wote huishia kwenye joto.

Kisha taima ya kuchomeka kwenye soketi, ikuwashie na kukuzimia taa. Miche ya tungule inahitaji giza lake. Kipimajoto chenye kipimo cha unyevu ni kizuri, si lazima.

Kiyoyozi nimekiweka mwisho kwa makusudi. Ni kweli kinakausha hewa, lakini cha BTU 12,000 hula kama kilowati nzima kompresa inapofanya kazi. Bei hiyo ya saladi utaipata wapi? Mbegu za saladi ndizo zinazogoma joto likikaribia nyuzi 30, na dawa yake ni sakafu. Laza trei juu ya saruji, mbali na dirisha, funika kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka zichipue, ndipo uzipandishe kwenye taa.

Halafu kuna kukatika umeme. Aliyekuwapo Unguja Desemba 2009 anakumbuka miezi mitatu ya giza. Kwa hiyo rafu yangu ina trei nyepesi, nimejaza makumbi yaliyosagwa badala ya udongo, nazibeba mbili mbili hadi juu ya paa asubuhi, jua halijawa kali. Na Juni, kusi likishaanza kuvuma kwenye kichochoro, usiku hata feni huizima.